Kuitafuta Biafra Dar es Salaam: shajara ya likizo ya Juni

Jumapili, Iringa hadi Dar es Salaam

Basi limetoka Igumbilo alfajiri, baridi ya Iringa ikiwa bado kali. Kwenye begi nina barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule, kaunta buku mbili, penseli, na maswali ambayo nimekuwa nikiyaandika pembeni mwa andalio la somo tangu mwaka uanze. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Kila tukifika kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vitabu tulivyo navyo vinatupa aya mbili tu: vilianza tarehe 6 Julai 1967, vikaisha tarehe 15 Januari 1970, na Tanzania iliitambua Biafra, yaani Mkoa wa Mashariki uliojitenga na Nigeria. Hapo aya inakoma. Kwa nini nchi yetu iwe ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tena kinyume cha msimamo wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni isiguswe? Wanafunzi wangu wanastahili jibu linalozidi sentensi moja.

Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wamelizunguka basi. Kuanzia hapo hadi Mikumi nimepanga tarehe ninazozijua, ili kesho nisiingie maktaba mikono mitupu. 15 Januari 1966, mapinduzi ya maofisa vijana, wengi wao Waigbo, kabila kubwa la Mashariki. Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na Waziri Mkuu wa Kaskazini, Ahmadu Bello, wanauawa. Jenerali Ironsi anashika nchi. Julai mwaka huohuo, wanajeshi wa Kaskazini wanalipiza kisasi, Ironsi anauawa, na ofisa mwenzake Yakubu Gowon anashika uongozi wa nchi. Katikati ya hayo yote na baada yake, Waigbo waliokuwa wakiishi Kaskazini wanachinjwa mijini, na waliosalimika wanarudi Mashariki kwa treni na malori, zaidi ya watu milioni moja. Asiyeanzia hapo hawezi kuielewa Biafra. Atadhani ni habari ya mafuta na tamaa ya kanali mmoja.

Tumefika Mbezi jioni. Mama mdogo ananisubiri Sinza, na wali wa nazi umeshaiva.

Jumatatu, Maktaba Kuu ya Taifa

Nimeshuka mwendokasi kituo cha DIT, nikatembea kufuata barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo hili lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nimeiandika tarehe hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, kwa sababu miezi miwili kabla yake, tarehe 4 Oktoba, majeshi ya serikali ya Nigeria yalikuwa yameuteka Enugu, mji mkuu wa Biafra. Ina maana Biafra ilikwisha kupoteza mji wake mkuu kabla Tanzania haijaitambua. Hatukumtambua mtu aliyekuwa akishinda. Jambo hilo peke yake lingetosha kunifikirisha safari nzima.

Historia ya Nigeria iko kwenye namba ya rafu 966.9. Vitabu si vingi, na vilivyopo vimesomwa hadi migongo imelegea. Sehemu kubwa vimeandikwa na watu waliokuwamo vitani, na kila mmoja ana kesi yake ya kutetea. Kabla sijaanza kunakili, kila kitabu nimeandika mambo matatu: mwandishi alikuwa upande gani, aliandika lini, na alikuwa wapi mabomu yalipokuwa yakianguka. Mtu aliyeandika 1969 hakujua mwisho wake. Aliyeandika 1980 anaujua, na kila sentensi yake inaelekea huko. Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka wanafunzi waishike kabla ya tarehe yoyote.

Mchana wote nimekaa na habari za Aburi. Tarehe 4 na 5 Januari 1967 Gowon na Kanali Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mkoa wa Mashariki, walikutana katika mji huo wa Ghana, wenyeji wao wakiwa watawala wa kijeshi waliomwondoa Nkrumah. Walikubaliana, wakapeana mikono. Walipofika nyumbani, kila mmoja alikuwa na Aburi yake. Ojukwu alielewa kwamba mikoa imepewa mamlaka makubwa. Washauri wa Gowon kule Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati ule, wakaona akikubali hilo, nchi imekwisha. Tarehe 27 Mei Gowon akaigawa Nigeria katika majimbo 12. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza Jamhuri ya Biafra. Nimeizungushia duara hiyo 27 Mei, maana nahisi nitairudia.

Jumanne, Maktaba Kuu tena: magazeti

Leo ilikuwa siku ya magazeti ya zamani. Mkutubi ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nimemwamkia, nikamweleza ninachotafuta, akaniangalia kidogo kisha akasema, "Aprili sitini na nane? Kaa pale mwanangu, usiguse kwanza, nakuletea." Amerudi na jalada kubwa limefungwa kamba ya katani. Akanionyesha namna ya kufunua: mkono mmoja chini ya karatasi, mwingine juu, taratibu, kwa sababu kingo zimekauka na kila ukurasa ukifunuliwa unaacha unga wa kahawia mezani. Ndiyo maana penseli. Tone moja la wino hapo ni hasara kwa watakaokuja miaka hamsini ijayo.

Nimeanza na wiki kabla ya Pasaka. Dunia ilikuwa imeelemewa. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili. Vietnam inawaka. Kurasa za ndani kuna matangazo ya sinema za mjini, na nimejiruhusu kuyasoma, kwa sababu yananikumbusha kwamba waliosoma habari za Biafra hapa walikuwa watu wenye Jumamosi zao, wenye kuamua watoke jioni au wabaki nyumbani.

Tamko la Tanzania lilitolewa Jumamosi, tarehe 13 Aprili 1968, siku moja kabla ya Pasaka. Nimelisoma kwa sauti ya chini, nikalirudia. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: dola lipo kwa ajili ya watu wake. Msingi wa umoja ni ridhaa ya wanaoungana. Watu zaidi ya milioni 12 wanapokwisha kuamini kwamba wamekataliwa, na kwamba hawana usalama ndani ya nchi hiyo, umoja huo umeshakufa, hata kama ramani bado inauonyesha. Halafu kuna wazo lililonifanya niweke penseli chini: huwezi kuua maelfu ya watu kwa jina la umoja, maana hakuna umoja kati ya maiti na waliomuua.

Lipo jambo ambalo aya mbili za vitabu vyetu hazilisemi kabisa. Tamko halikushangilia kuvunjika kwa Nigeria. Lilieleza kwa masikitiko kwamba Tanzania, nchi iliyohubiri umoja wa Afrika kuliko karibu zote, imelazimika kufika hapo. Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi nasi. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata nyayo zetu mwezi Mei, Haiti mwaka uliofuata. Basi. Nchi tano.

Jioni, Sinza, mzee jirani yake mama mdogo amekuja kunywa kahawa. Nilipotaja Biafra akaketi wima. Anakumbuka kulisikia tamko redioni, akiwa kijana wa kazi Kariakoo. Anachokumbuka zaidi ni picha za miezi iliyofuata, watoto wenye matumbo makubwa na nywele zilizogeuka rangi. "Hatukuwahi kuona picha kama zile za watoto weusi wenzetu," amesema. "Tuliona tumefanya haki." Hakuongeza neno, nami sikumhoji zaidi.

Jumatano, Mlimani

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018, ni kubwa kiasi kwamba nimetumia muda kutafuta ngazi sahihi. Hapa vitabu vinapangwa kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Nigeria ni DT 515, na vita hivi vina namba yake mahususi, DT 515.836. Ukiishika namba hiyo, unaacha kutafuta kwa majina ya vitabu. Unasimama mbele ya rafu na kuona majirani. Nimewahi kupata kitu cha maana kwenye kitabu kilichokuwa pembeni ya nilichokitafuta kuliko ndani ya chenyewe, na leo imekuwa hivyohivyo.

Nilichokuja kukichukua ni mkusanyo wa nyaraka wa A. H. M. Kirk-Greene, juzuu mbili, uliochapwa na Oxford mwaka 1971. Hotuba za Gowon, hotuba za Ojukwu, matamko, mapatano, yote yamepangwa kwa tarehe. Mtunzi ana utangulizi wake, lakini nyaraka zinajisemea. Kwa mwalimu hii ni mali. Unaweza kumpa mwanafunzi hotuba mbili za wiki moja, upande huu na upande ule, ukamwacha asome mwenyewe.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa makala ya Mwalimu katika gazeti la The Observer la London, Jumapili ya tarehe 28 Aprili 1968. Wakosoaji walikuwa wamemuuliza swali la wazi: wewe uliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar, ungefanya nini Zanzibar ikitaka kutoka? Hakulikwepa. Alisema kwamba kama umma wa Zanzibar, bila kuchochewa na watu wa nje, ungeamua kuwa Muungano unahatarisha maisha yao, yeye asingeweza kuwapiga mabomu ili wabaki. Muungano ungekuwa umekwisha siku ridhaa ilipoondolewa.

Tazama tarehe. Tarehe 26 Aprili nchi ilikuwa imeadhimisha miaka minne ya Muungano. Siku mbili baadaye, Rais wa nchi hiyohiyo anasema hadharani masharti ambayo Muungano wake ungeweza kukoma. Sijui viongozi wangapi wa enzi ile wangethubutu, nami nasema bila kuficha kwamba nilipomaliza kunakili aya hiyo nilijisikia fahari.

Lakini rafu haimwachi mtu na fahari yake muda mrefu. Kitabu cha jirani kilikuwa kuhusu silaha. Uingereza na Urusi ya Kisovyeti ziliipa silaha Lagos, kila moja kwa hesabu zake. Ufaransa iliisaidia Biafra kwa mlango wa nyuma, kupitia Gabon na Ivory Coast. Na Ureno ikaifungulia Biafra Lisbon na kisiwa cha São Tomé, ambako ndege zilirukia usiku kwenda uwanja wa Uli, ambao ulikuwa barabara iliyopanuliwa, taa zikiwashwa dakika chache tu ndege inapotua. Ureno hiyohiyo! Ureno iliyokuwa ikipigana na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambayo makao yake yalikuwa hapa Dar es Salaam, na ambayo Rais wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu mjini hapa tarehe 3 Februari 1969. Biafra iliyotafuta pumzi ilizipata kwa adui yetu. Mwalimu alilijua hilo, na hata hivyo hakubadili msimamo. Aliyezama hachagui mkono unaomvuta. Lakini sisi tunaosoma lazima tuziandike pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Alhamisi, Mlimani

Nimerudi kwenye ile 27 Mei 1967 niliyoizungushia duara.

Watu milioni 12 wa tamko letu ni watu wa Mkoa wote wa Mashariki, na hao hawakuwa Waigbo wote. Karibu theluthi moja au zaidi walikuwa Waibibio, Waefik, Waijaw, Waogoni na wengine, hasa upande wa pwani na mito, kwenye mafuta. Oloibiri, ambako mafuta yalipatikana mwaka 1956, ni nchi ya Waijaw. Gowon alipogawa majimbo 12, Mkoa wa Mashariki aliukata mara tatu, na makundi hayo madogo yakapata majimbo mawili yao wenyewe. Ilikuwa hila ya vita, hakuna ubishi, maana iliwaacha Waigbo bila bahari na bila visima. Ila kwa Waijaw wengi ilikuwa pia kile walichokuwa wakikidai kwa miaka.

Nimesoma habari za Isaac Boro hadi mkutubi akaja kuniambia wanapunguza taa za upande ule. Boro alikuwa Mwijaw. Februari 1966 alikusanya vijana akatangaza Jamhuri ya Delta ya Niger, akapigana na polisi siku 12, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa kwa uhaini. Gowon akamsamehe 1967. Vita vilipoanza, Boro aliingia jeshi la serikali, akapigana dhidi ya Biafra, akafa Mei 1968, mwezi uleule majeshi ya Gowon yalipoiteka Port Harcourt.

Basi mbele yangu kuna mtu aliyetaka kujitenga na Nigeria, kisha akafa akiizuia Biafra isijitenge. Kwa mizani ya Mwalimu, mizani ya ridhaa, Boro tunamweka wapi? Ridhaa ya Mashariki aliitoa nani? Ojukwu alikuwa na baraza la ushauri, na baraza hilo lilimpa idhini. Lakini mvuvi wa Okrika au mkulima wa Ogoni, yeye aliulizwa lini? Ken Saro-Wiwa, Mwogoni, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye, alichagua upande wa serikali na akawa msimamizi wake kule Bonny.

Nimeikubali hoja ya Mwalimu tangu Jumanne na leo bado naikubali. Hofu ya Waigbo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa na makaburi. Ninachokiona sasa ni kwamba hoja hiyo ni kali kuliko ilivyotumika. Ukishasema hakuna umoja bila ridhaa, huwezi kuishia kwenye mpaka wa mkoa uliochorwa na Mwingereza. Inabidi ushuke hadi kijijini. Tamko letu halikushuka. Lilihesabu milioni 12 kwa mkupuo. Hilo nitalifundisha waziwazi, bila kumpunguzia Mwalimu heshima hata chembe.

Ijumaa, Mlimani, asubuhi tu

Nusu siku. Nimetafuta mazungumzo ya Kampala, ambayo kwetu Afrika Mashariki karibu yamesahaulika. Yalifunguliwa tarehe 23 Mei 1968, mwenyeji akiwa Milton Obote. Anthony Enahoro aliiwakilisha Lagos, Louis Mbanefo akaiwakilisha Biafra. Biafra ilitaka mapigano yasimame kwanza. Lagos ilitaka Biafra iache kwanza kujitenga. Port Harcourt ilikuwa imetoka kuanguka, na anayeshinda hana haraka ya mezani. Hata mwezi haukuisha, yakavunjika.

Halafu Azikiwe. Nnamdi Azikiwe, Rais wa kwanza wa Nigeria, Mwigbo, mwaka 1968 alizunguka Afrika akiiombea Biafra kutambuliwa. Agosti 1969 akaiacha Biafra na kuunga mkono Nigeria moja. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi Addis Ababa, Nyerere aliwagawia wenzake waraka wa kurasa kadhaa akiitetea Biafra upya. Mzee mwenyewe wa Waigbo ameshatoka, Mwalimu bado yumo.

Jumamosi, Sinza na Mlimani

Nimeamkia riwaya. Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, akiwa Makerere aliandika kitabu kiitwacho *The Trial of Christopher Okigbo*, kilichotoka 1971, ambamo mshairi huyo anashtakiwa ahera kwa kosa la kuutanguliza Uigbo wake mbele ya sanaa yake. Nilikisoma zamani nikakipita. Leo nimekisoma upya nikijua jambo moja ambalo nililikuta jana kwenye maelezo ya maisha yake: Okigbo aliwahi kuwa mkutubi msaidizi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Nsukka ilikuwa kati ya miji ya kwanza kutekwa, Julai 1967, na chuo kiliharibiwa vibaya. Okigbo alijiunga na jeshi la Biafra, na akafa mwaka huohuo akipigana upande huohuo wa Nsukka. Mtu aliyepanga vitabu rafuni alikwenda kuulinda mji wa vitabu hivyo kwa bunduki, akiwa na miaka thelathini na mitano hivi. Mazrui ana haki ya kumshtaki. Mimi, baada ya siku hizi zote kati ya rafu, sikuweza kukaa upande wa mashtaka.

Mchana nimepanda Mlimani kwa kazi ya mwisho: Azimio la Ahiara, tamko la misingi ya Biafra, lililosomwa na Ojukwu tarehe 1 Juni 1969. Kamati iliyoliandaa iliongozwa na Chinua Achebe. Nimeliweka mezani pamoja na Azimio la Arusha la 1967, nikayasoma kwa zamu. Undugu unaonekana: utumishi wa kiongozi kwa watu, mali kuwa amana ya jamii, kukemea wakubwa wanaojinenepesha. Tofauti ni mahali. Letu liliandikwa wakati wa amani, na wa kulitekeleza walikuwapo. Lao liliandikwa wakati mji wao wa Umuahia umeanguka, watu wanakufa kwa njaa, nchi imebaki kipande. Makadirio ya waliokufa vita nzima ni kuanzia laki tano hadi milioni tatu, wengi wao kwa njaa na maradhi, na pengo la makadirio hayo ni ushahidi wa jinsi walivyokufa: hakukuwa na wa kuwahesabu.

Tarehe 11 Januari 1970 Ojukwu aliondoka kwenda Ivory Coast. Siku iliyofuata Philip Effiong, mkuu wa majeshi aliyeachiwa nchi, alitangaza redioni kwamba Biafra inaweka silaha chini, na tarehe 15 akasaini Lagos. Effiong hakuwa Mwigbo. Alikuwa Mwibibio, na alibaki na Biafra hadi dakika ya mwisho. Kwa hiyo na ile hesabu yangu ya Alhamisi haikai sawa kama nilivyoiacha: Boro upande ule, Effiong upande huu, wote wa makabila madogo, wote wa Mashariki. Nimewaandika kwenye ukurasa mmoja.

Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa. Kisha watu wa Biafra waliokuwa na akiba benki wakapewa pauni 20 kila mmoja, awe aliweka mia au elfu.

Fotokopi zimejaa bahasha mbili. Kesho basi ni la alfajiri. Kidato cha sita wakifungua shule nitawapa karatasi nne: tamko la 13 Aprili, makala ya 28 Aprili, hotuba ya Gowon ya majimbo 12, na maisha ya Boro kwa ufupi. Swali ni moja: ridhaa ya nani? Waandike kurasa wanazotaka.